Hasidi Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kampala, tangu Ntinda na Kisaasi hata Nansana na Bweyogerere, kompyuta moja huwatumikia watu wengi: mchana mama huandika humo hesabu za duka lake na za SACCO yao, jioni kijana wa chuo hukamilisha humo kazi aliyopewa na mhadhiri wake, na usiku watoto huizunguka kutazama filamu iliyofasiriwa kwa Kiganda. Programu hasidi inapoingia katika kompyuta ya namna hiyo hugusa kwa mara moja riziki ya mmoja, elimu ya mwingine na siri za wote, na ndiyo sababu nimeona ni wajibu kuandika kwa kirefu juu ya jinsi ya kuitoa, nikiwakusudia watu wa nyumbani ambao si mafundi wala hawana nia ya kuwa mafundi. Neno langu kubwa ni mfuatano. Aghalabu wanaopoteza kazi zao au fedha zao hawakukosa dawa; walikosa utaratibu, kwa kuwa walianza kufuta kabla ya kuhifadhi, wakabadili maneno yao ya siri wakati mwizi angali ndani, na mwishowe wakairejesha mashine iliyokwisha takasika katika mazoea yale yale yaliyoiletea maradhi.

Kabla ya yote yafaa kupata yakini kwamba mashine imeingiliwa kweli, maana kompyuta nyingi husingiziwa virusi ilhali kosa ni la umri. Laptopu iliyoletwa Kampala baada ya kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, yenye diski ya kuzunguka ya zamani na kumbukumbu ya gigabaiti nne, itakwenda polepole hata ikiwa safi kabisa. Vumbi likiziba feni yake itapata joto na kuzorota. Na umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, faili za mfumo huweza kuharibika pasipo mkono wa adui yeyote. Dalili zenye uzito ni nyingine. Mlinzi wa Windows, yaani Defender, akikutwa amezimwa na akakataa kuwashwa. Kivinjari kikifungua kila asubuhi ukurasa ambao hukuuchagua. Jamaa zako wakipokea kwa jina lako ujumbe ambao hukuuandika. Flashi ikichomekwa na folda zake zote zikageuka njia za mkato. Picha na maandishi yako yakipata mkia mgeni katika majina yake na kukataa kufunguka: hao ndio mashahidi wa kuaminika, na hata mmoja wao akitokea peke yake atosha kukufanya uache kazi nyingine zote.

Kinyume cha hayo, tangazo linalochomoza pembeni mwa kioo na kupiga kelele kuwa kompyuta yako imejaa virusi, kwamba upige namba fulani au upakue dawa fulani sasa hivi, aghalabu ni ghiliba tupu. Siku moja tovuti fulani iliomba ruhusa ya kukuletea arifa, nawe ukabonyeza kitufe cha kukubali ili ukurasa ufunguke upesi, na tangu hapo imekuwa ikikutumia vitisho. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa, uondoe ruhusa ya kila tovuti usiyoijua, na kelele zitakoma. Hatari iliyokuwapo ilikuwa ni kuyatii maneno ya tangazo lile.

Njia kuu ya hasidi katika mji huu kwa miaka mingi imekuwa flashi. Mtu hutoka nyumbani nayo, akapita Wandegeya kuchapisha kazi yake katika duka linalopokea flashi za wanafunzi wa Makerere tangu asubuhi hata usiku, au akateremka Nasser Road kwa ajili ya kadi za harusi, kisha akaingia kwa muuza filamu ajaziwe zile zilizofasiriwa na ma-VJ, na jioni flashi hiyo hiyo ikachomekwa katika kompyuta ya nyumbani. Siwalaumu wenye maduka hayo, ambao kazi yao ni ya halali na ya manufaa makubwa kwa watu. Lakini mashine inayopokea vyombo vya watu wote hupokea na vilivyomo ndani yake. Kirusi cha njia za mkato, ambacho ndicho mashuhuri zaidi kwetu, huzificha folda zako za kweli na kuweka mahali pake vielelezo vyenye majina yale yale, nawe ukikibonyeza kielelezo hufunguliwa folda yako ili usishuku kitu, na wakati ule ule programu ya hasidi huanza kazi yake kwa siri. Ndugu yake hujivika sura ya folda ilhali ni programu, na anategemea kwamba Windows, ilivyo tangu kiwandani, huficha mkia wa jina la faili, hata mtu asijue kuwa hiyo anayoidhani folda ya picha au filamu inaishia na herufi exe. Amuru mikia hiyo ionekane, katika menyu ya mwonekano ya dirisha la mafaili. Ni kazi ya nusu dakika, nami naihesabu kuwa miongoni mwa kinga bora anazoweza kupata mtu wa nyumbani bila ya kulipa senti.

Mambo haya yana asili ya zamani. Kirusi cha kwanza kilichoenea katika kompyuta za jamii ya IBM, kiitwacho Brain, kilitungwa mwaka 1986 katika mji wa Lahore, Pakistani, na ndugu wawili wenye duka la kompyuta, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao walieleza kwamba walitaka kuilinda programu yao ya tiba isinakiliwe pasipo idhini, na ambao waliandika ndani ya kirusi hicho majina yao, anwani yao na namba zao za simu. Kilisafiri kwa diski laini, mkono kwa mkono, hata kikafika Marekani. Chombo kinachozunguka mikononi mwa watu, na programu iliyonakiliwa bila ruhusa: hayo mawili yaliyokuwapo Lahore ndiyo yanayotuletea madhara Kampala baada ya miaka takriban arobaini.

Hilo la pili, la programu zilizovunjwa kufuli ambazo vijana huziita kraki, lataka maneno ya wazi. Anayetaka programu ya kuhariri picha au ya kuandikia bila kuilipia hukuta mahali pa kuipakua, na maelezo yanayoambatana nayo humwamuru kwanza amzime mlinzi wa kompyuta, eti kwa sababu mlinzi hukosea. Agizo hilo peke yake lingetosha kuwa ithibati ya dasisi. Kwa njia hiyo huingia wezi wa siri wa jamii ya RedLine, ambao kazi yao ni kuchukua katika dakika chache maneno yote ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari, pamoja na vile vijifaili vinavyokufanya ubaki umeingia katika barua pepe na akaunti zako, na kuyatuma yote kwa mnunuzi. Polisi wa nchi kadhaa waliivamia mitambo ya RedLine mwezi wa Oktoba 2024, lakini biashara hiyo haikufa, kwa kuwa wenzake wapo. Hila mpya zaidi ni ukurasa unaojifanya kutaka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu, ukakuamuru ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha ubandike maneno usiyoyaona na kubonyeza Enter: hakuna tovuti ya haki itakayokuomba jambo hilo abadan. Na tangu ilipoanzishwa, Julai 2018, kodi ya mitandao ya kijamii iliyokuwa ya shilingi 200 kwa siku, na hasa tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, watu wengi, ili kuvikwepa vizuizi hivyo, wamezoea kupakua VPN ya bure yoyote inayotokea mbele yao, bila ya kuuliza anayeitoa bure anakula nini. Mawasiliano yako yote ya intaneti hupita mikononi mwake, basi mtu achague kwa hadhari.

Sasa tuje kwenye kazi. Ukishapata yakini, tendo la kwanza ni kukata mawasiliano: zima Wi-Fi, au chomoa kifaa cha bando, ili hasidi asiendelee kutuma ulivyonavyo wala kupokea amri mpya, na ili asivuke kwenda katika kompyuta nyingine za nyumbani. Usiingie benki wala barua pepe kwa mashine hiyo tena mpaka kazi itakapokwisha. Mambo unayohitaji kusoma au kupakua yafanye kwa mashine nyingine iliyo safi, au kwa simu.

Tendo la pili ni kuhifadhi amana, na hapa nawasihi wasomaji wasiwe na pupa. Mashine hununuliwa tena. Hesabu za miaka mitatu za duka, tasnifu iliyobakiza sura moja, picha za mzazi aliyefariki, hazinunuliwi. Nakili maandishi, picha, majedwali na sauti katika diski ya nje au flashi ambayo haitachomekwa kwingine mpaka ikaguliwe, wala usinakili programu yoyote, kwa sababu viko virusi, kama Sality aliyejulikana tangu 2003, vinavyojiunga na faili za programu zenyewe na kuhama pamoja nazo. Njia iliyo salama kupita zote ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine ulio ndani ya flashi, mathalan Ubuntu au Linux Mint, ambayo hutolewa bure na hutengenezwa katika mashine safi kwa flashi ya gigabaiti nane. Hasidi aliyetungwa kwa ajili ya Windows hubaki amelala wakati wewe unatoa vitu vyako. Kompyuta mpya huenda diski yake imefungwa kwa BitLocker, nawe utatakiwa ufunguo wa kurejesha, ambao kwa kawaida umewekwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute mapema, kwa simu, kabla hujahitaji.

Waliopatwa na kirusi cha njia za mkato wasikate tamaa wala wasiifute flashi yao kwa hofu, maana folda zao zingali humo zimefichwa tu. Maadamu mashine unayoitumia ni safi, fungua dirisha jeusi la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka mahali pa E herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako, na folda zitajitokeza. Kisha futa njia za mkato zote na faili ngeni zinazoishia na vbs, js au exe. Nimewaona wanafunzi wakilia kwa kazi iliyokuwa ndani ya flashi wakati wote, na wengine wamelipia kurudishiwa kitu ambacho hakikupotea.

Tendo la tatu ndilo la kusafisha. Watu wengi hukimbilia kutafuta dawa ya kununua au, vibaya zaidi, dawa iliyovunjwa kufuli, ilhali Windows 10 na 11 tayari zina Defender, ambaye kwa mahitaji ya nyumbani ni mlinzi wa kutosha akiachwa afanye kazi. Fungua Windows Security, nenda sehemu ya virusi na vitisho, na kabla hujaamuru ukaguzi wowote tazama orodha ya vitu ambavyo mlinzi ameambiwa asivitazame. Waliokuwekea kraki hupenda kuandika humo folda nzima, na pengine diski nzima, na mtu akaguapo mara kumi bila ya kuifuta orodha hiyo atajibiwa mara kumi kuwa hakuna tatizo. Ukishaifuta, chagua ule ukaguzi wa nje ya mfumo, ulioandikwa offline scan: kompyuta itazimika, itawaka katika hali ambayo Windows yenyewe haijaamka, na itatafuta kwa muda wa robo saa hivi mahali ambapo hasidi hawezi kujificha wala kujitetea. Hakikisha laptopu ina chaji ya kutosha, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo utaleta taabu juu ya taabu. Baada yake fanya ukaguzi kamili wa diski yote, usiku kucha ikibidi, kisha utafute shahidi wa pili, kama vile Malwarebytes katika namna yake ya bure au kikaguzi cha Microsoft kiitwacho Safety Scanner, ambacho muda wake huisha siku kumi baada ya kupakuliwa, kwa hiyo usikitumie kile cha mwaka jana kilichosahauliwa katika flashi. Dawa hizo zipakue kwenye mashine safi, kutoka kwa watungaji wenyewe.

Hasidi akimzuia Defender kufunguka, washa kompyuta katika hali ya usalama, ambayo huamsha sehemu za lazima tu za mfumo, na umtumie humo yule shahidi wa pili. Kagua pia programu zinazoanza zenyewe kompyuta inapowaka, na nyongeza zilizochomekwa katika kivinjari. Ondoa kila moja usiyoweza kueleza ilikujaje. Katika sehemu hii busara ya mwenye nyumba hushinda ya fundi, kwa kuwa wewe ndiwe unayejua ni nini uliweka na ni nini hukuweka.

Lakini niseme wazi ninaloamini baada ya kulitafakari sana: ikiwa aliyeingia ni mwizi wa siri, au mlango wa kuitawala mashine kutoka mbali, au ikiwa ukaguzi wa pili umekuta alichokiacha wa kwanza, usitosheke na kusafisha. Futa kila kitu na uweke Windows upya. Ukaguzi huweza kukuambia kile ambacho wenyewe umekiona. Hauwezi kukuhakikishia kuwa hakuna kilichosalia, na mashine inayotunza fedha za SACCO haifai kuendeshwa kwa dhana. Windows ina amri ya kujirejesha upya iliyo katika mipangilio yake, na kati ya njia zake mbili, ile ya kuhifadhi faili zako na ile ya kuondoa yote, chagua ya pili, maana amana yako umekwisha itoa. Itakuuliza kama ipakue nakala mpya kutoka intaneti, na nakala hiyo huchukua takriban gigabaiti nne za bando. Aliye na uwezo aichague, kwa kuwa ni safi kuliko ile iliyo ndani ya diski, na asiye na uwezo atengeneze flashi ya kuwekea mfumo mahali penye intaneti ya bure au nafuu, akiitoa kwa Microsoft moja kwa moja.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui, nalo lawagharimu. Laptopu za Dell, HP na Lenovo zilizotoka katika ofisi za ng'ambo, ambazo ndizo zinazouzwa kwa wingi mjini kwetu, mara nyingi zina leseni halali ya Windows iliyoandikwa kiwandani ndani ya ubao wake mkuu. Ukiweka upya toleo lile lile, nayo ikaungana na intaneti, itajihalalisha yenyewe pasipo kuulizwa namba yoyote. Hata hivyo mafundi wasio waangalifu huweka juu yake Windows iliyovunjwa kufuli pamoja na programu ya kuidanganya leseni, na hivyo mtu aliyekuwa na haki yake hupewa wizi, na pamoja na wizi hasidi. Ukimwita fundi, na mafundi wema tunao wengi, mwombe mambo matatu: afanye kazi mbele yako, atumie nakala iliyotoka kwa Microsoft, na asichomeke flashi yake ya kazi kabla ya kuikagua, kwa kuwa flashi hiyo imezunguka katika mashine zote alizoitiwa wiki ile. Neno lako la siri usimpe. Akilihitaji, liandike mwenyewe.

Msiba wa namna nyingine ni ule wa faili kufungwa na mtu kudaiwa fidia. Katika jamii mojawapo iliyowapata sana watu wa nyumbani, STOP, ambayo huitwa pia Djvu na huingia hasa kwa kraki, barua ya mdai imezoeleka kutaja dola 980, au nusu yake kwa anayelipa ndani ya saa 72. Usilipe. Fedha hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi mingi katika mitaa yetu, na anayepewa ni mtu ambaye hakuna sheria inayomfunga kutimiza ahadi. Nakili faili zilizofungwa kama zilivyo uziweke mbali, safisha mashine kwa njia niliyoeleza, kisha upeleke sampuli kwa mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za ulinzi wa kompyuta, ambao hutoa bure funguo zilizokwisha patikana. Kwa STOP yenyewe kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 kifunguo kilichofaa kwa aina 148. Si kila faili hufunguka, na aina za baadaye ni ngumu zaidi, lakini funguo huendelea kupatikana, kwa hiyo usiyatupe yaliyofungwa.

Tendo la nne, ambalo wengi hulitanguliza na hivyo kuliharibu, ni kubadili siri. Neno jipya la siri likiandikwa kwenye mashine ambayo bado inarekodi kila kitufe kinachobonyezwa, humfikia mwizi kabla halijafika benki. Mahakama za Kampala zina kumbukumbu ya jambo hili, kwani mwaka 2013 walitiwa hatiani, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, watu walioingia katika mifumo ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda kwa kutumia programu za kijasusi zilizonasa siri za watumishi. Ikiwa ofisi kubwa yenye mafundi wake ilipenywa hivyo, mwenye laptopu ya sebuleni asijione yu mbali. Basi ngoja mashine itakasike, au tumia simu iliyo safi, na uanze na barua pepe, kwa kuwa humo ndimo hupitia maombi ya kubadili siri za akaunti nyingine zote. Badili neno, kisha uamuru akaunti ijitoe katika vifaa vyote, maana mwenye kuiba vile vijifaili vya kuingilia huendelea kusoma barua zako hata baada ya neno kubadilika. Tazama kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yako, na kama ipo amri iliyofichwa inayopeleka nakala za barua zako kwingine. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Ukimaliza hapo nenda kwenye benki, halafu mitandao ya kijamii, na katika WhatsApp ufungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa ukaviondoe vyote. Namba ya siri ya pesa za simu, kama uliwahi kuiandika katika faili yoyote ya kompyuta ile, nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo. Fedha zikiwa zimekwisha ondoka, iarifu benki au kampuni ya simu saa ile ile, kisha polisi, ukiwa na tarehe, saa na namba za miamala. Na ikiwa unatunza nyumbani habari za watu wengine, majina ya wanachama, madeni yao, au magonjwa yao kama wafanyavyo wenye zahanati ndogo, fahamu kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 yakuwajibisha kuijulisha mamlaka mara habari hizo zinapovuja.

Baada ya hayo husalia kuilinda mashine, na hapo huja suala la bando. Nawaelewa wanaozima masasisho ya Windows ili kuokoa data, maana tangu Julai 2021 data yenyewe hutozwa ushuru wa asilimia 12, na sasisho moja huweza kumeza bando la wiki nzima. Walakini tazameni yaliyotokea mwaka 2017: Microsoft ilitoa kiraka mwezi wa Machi, na tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaenea ulimwenguni, kikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza na za wengine wengi katika nchi zaidi ya 100, na wengi wa walioangamia ni wale waliokuwa hawajaweka kiraka kilichokwisha kaa miezi miwili kikiwangoja. Kwa hiyo usiyazime masasisho. Yapangie saa, usiku ambapo bando huwa nafuu, au ubebe laptopu mara moja kwa mwezi mpaka mahali penye Wi-Fi unayoiamini. Wenye Windows 10 wajue kuwa Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupewa mwaka mmoja wa nyongeza, na kwamba laptopu nyingi za kizazi cha zamani hazikubali Windows 11. Kwa mashine hizo nashauri Linux Mint bila ya kusita: ni ya bure, si nzito, ina ofisi kamili ya LibreOffice ndani yake, na mwanafunzi huizoea katika wiki moja.

Kuhusu flashi, iwe moja ya nyumbani isiyotoka na nyingine ya mjini isiyo na kitu cha thamani ndani yake. Kazi ya kuchapisha igeuzwe PDF, na kama duka lina barua pepe au WhatsApp, itumwe huko, flashi ibaki mfukoni. Ikilazimu kuichomeka, itakaporudi nyumbani bonyeza kulia juu ya jina lake na uamuru Defender aikague kabla hujaifungua, hata kama mtoto amesimama nyuma yako akiingoja filamu yake. Na nakala ya pili ya hesabu, tasnifu na picha iwekwe katika diski ya nje inayochomekwa siku ya kunakili tu, kila Jumamosi mathalan, kisha ichomolewe na kufungiwa kabatini, kwa kuwa diski iliyoachwa ikining'inia katika kompyuta hufungwa pamoja nayo siku mdai fidia atakapoingia.